Anayesoma Ni Adui

Mama alisema mara moja tu, kisha akarudi kuchambua mchele wake.

"Nimechoka na kelele zenu. Nendeni mkamalize kwenye meza ya baba yenu. Atakayeshinda ndiye mwenye neno. Atakayeshindwa asije kunililia hapa."

Watoto wake wawili, watu wazima ambao mvi zimeshaanza kuwachungulia, walitazamana. Mwaka mzima walikuwa wakivutana juu ya karakana ya mabango waliyoachiwa na baba yao. Mdogo, dereva wa malori ya masafa marefu, alitaka iuzwe. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, mtu mwenye magari mengi na mahali pachache pa kuyaegesha, naye hakuficha kwamba kuta zingelala chini wiki hiyohiyo. Mkubwa, dada mtu, hakutaka hata kusikia. Yeye ndiye aliyeirithi kazi ya baba. Alichora mabango ya saluni, ya zahanati, ya shule za udereva, mpaka mtaa mzima ukamwita Fundi na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa Mama peke yake. Karakana ikiuzwa, yeye angebaki na brashi mkononi bila ukuta wa kuegemeza ubao.

Mtu wa nje angeshangaa kuona shauri zito namna hiyo linapelekwa mezani. Katika familia ile haikuwa ajabu. Marehemu hakuamini fimbo. Katika chumba cha nyuma cha karakana alitengeneza meza pana, akajenga juu yake mji mzima kwa maboksi ya dawa na vifuniko vya makopo ya rangi, akanunua askari wadogo wa plastiki na kuwafundisha watoto wake vita. Pima kwa futi, sogeza, rusha dadu, piga. Watoto wa majirani wakigombana walichapwa. Hawa walipelekwa vitani. Nani aende dukani, nani alale upande wa dirisha, yote yaliamuliwa hapo. Aliyeshindwa aliosha vyombo vya siku hiyo, na habari ikafungwa.

Shida ni kwamba Fundi hakuwa ameigusa meza ile tangu utotoni, na mdogo wake hakuwahi kuiacha. Alikuwa na klabu, alikuwa na vikombe juu ya kabati, na wenzake walimwita Kamanda, jina alilolipokea bila haya.

"Hiyo si haki, Mama," Fundi alisema. "Huyu anacheza kila akirudi safari."

"Basi jifunze. Mwezi mmoja unakutosha. Kupanda ngazi na ndoo ya rangi ulifundishwa na nani?"

Kamanda akacheka. "Mke wangu atakufundisha, dada. Mbinu zangu zote anazijua. Sitaki kuja kuambiwa nimekuonea."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na uhakika, na uhakika ule ulimchoma Fundi kuliko tusi.

Wifi yake alikuwa muuguzi, mwanamke mwenye maneno mengi na mikono isiyotetemeka. Alikuja Jumamosi asubuhi, akakaa juu ya debe la rangi lililogeuzwa, akakunja miguu.

"Kwanza tuelewane," alisema. "Mimi sina upande. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nimeshashika jembe langu."

"Jembe lenyewe linacheka."

"Linacheka kwa sababu nimefungwa mezani na mdogo wako miaka yote hii. Nataka nimwone akitoka jasho, hata kama si kwa mkono wangu."

Walikwenda pamoja kwenye duka la michezo. Fundi alisimama mbele ya rafu akaona majeshi ya askari wadogo wasiozidi kifundo cha kidole, kila mmoja na mkanda wake, vifungo vyake, masharubu yake. Moyo ukamwanguka. Kuwapaka rangi watu wale kungemchukua mpaka uzeeni, kwani sheria ya marehemu ilikuwa wazi: kisichopakwa rangi hakipandi mezani.

Wifi akamvuta mpaka mwisho wa duka. Huko yalikuwa maboksi makubwa, na juu ya boksi la kwanza palichorwa jitu la chuma lenye mabega mapana kama kabati.

"Maroboti," alisema wifi. "Mtu anayeanza, aanze na haya. Yako manne tu. Manne ya kupaka, manne ya kusogeza, manne ya kukumbuka. Mwenye askari sitini anasahau kumi nyuma ya nyumba kila mara, wewe huna wa kusahau. Na ukikosea, jitu halifi kwa kosa moja. Linapigwa, linayumba, linasimama."

"Na ubaya wake?"

"Ubaya ni huohuo uchache. Kamanda akipoteza askari kumi, anapangusa mikono anaendelea. Wewe ukipoteza jitu moja, robo ya jeshi imekwenda. Halafu yanachemka."

"Yanachemka vipi?"

Wifi alimweleza palepale, mwenye duka akisikiliza kwa furaha ya mtu anayeona boksi linauzika. Kila jitu likipiga mzinga mkubwa, joto linapanda, na unaliwekea shanga nyekundu miguuni, mbili kwa kila pigo. Likipumzika unaziondoa. Zikifika saba, unarusha dadu. Tano au sita, jitu linalipuka na kuondoka na kila kilicho ndani ya shibiri moja, adui na rafiki. Chini ya hapo linazimika tu, kama jiko lililoishiwa gesi, na mchezo unaendelea bila wewe kupata kitu.

"Kwa hiyo ushanga wa saba usiuone," wifi akamaliza. "Hakuna mtu anayefika saba kwa kupenda."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya koleo na gundi. Vipande vilikuja vimeshikamana kwenye fremu za plastiki, ukavikata, ukavisugua, ukaviunga. Fundi aligandisha vidole viwili, akaliwekea jitu la kwanza mguu wa kulia kushoto, akatukana kwa sauti ndogo, akaling'oa na kuanza upya. Jioni ya tatu jitu likasimama peke yake juu ya meza, refu kama kopo la rangi ya lita moja, akajikuta analitazama kwa upendo wa kijinga.

Kisha ikaja rangi, na hapo ndipo alipoponzwa na ufundi wake.

"Tumia rangi ya maji," wifi alimwambia. "Nyepesi. Tabaka mbili, tatu, kila moja ikauke kwanza."

Fundi alimtazama kama mpishi anayefundishwa kuchemsha maji. "Wifi. Mimi ndiye wa kufundishwa rangi?"

Akachukua rangi ya mafuta ya karakana, nyekundu ileile inayokaa juu ya mabango mvua na jua miaka kumi bila kupauka. Majitu matatu yaliponea kwa bahati, kwani yalikuwa bado vipande, akayapaka tabaka nyembamba kabla ya kuyaunga. La nne, lile alilokwisha kuliunga, alilipaka likiwa zima, kwa brashi iliyoshiba. Liling'aa vizuri mno. Asubuhi yake lilikuwa bado linang'aa, na keshokutwa yake pia, kwa sababu rangi ile iligoma kukauka juu ya plastiki. Ukiligusa, kidole kinabaki na chapa. Rangi ilitiririka ikaingia kiunoni, na tone kubwa likadondoka sakafuni chini ya meza, likakaa hapo likinasa kila soli iliyopita.

Wifi alishika kifua cha lile jitu akajaribu kukigeuza. Hakikwenda.

"Limeganda kiuno."

"Litalegea likikauka."

"Hili halikauki leo wala kesho. Na unaijua sheria ya baba mkwe."

Fundi aliijua. Meza haidanganyi, kilichopo ndicho kilichopo. Maroboti hupiga kule kifua kinakoelekea. Mengine matatu yalizungusha kiuno yakapiga kushoto, kulia, nyuma. La nne lingepiga mbele tu. Kulielekeza kwingine ni kulinyanyua zima na kupoteza zamu. Alilipa jina Kaidi, akacheka kidogo, lakini usiku ule alipoosha brashi mikono yake ilikuwa mizito. Karakana nzima ilikuwa inasubiri majitu manne, na moja alikuwa ameshaliharibu kwa kiburi chake mwenyewe.

Walicheza kila wifi alipotoka zamu, kwanza jitu moja kwa kikosi kimoja, halafu mawili kwa mawili. Fundi alifungwa, akafungwa tena, akaanza kuelewa kwa nini amefungwa, na mwishoni akawa anafungwa kwa shida. Wifi alimfundisha tabia za Kamanda mojamoja. Anapenda kuzunguka. Anapenda mgongo wa mtu. Askari wake wakitaka kulipanda jitu na kulitega baruti ni lazima mshika bendera awe karibu nao, la sivyo hofu inawarudisha, na Kamanda akishanusa ushindi, bendera yake haiwezi kukaa nyuma. "Na bendera ikianguka, vita imekwisha," wifi alisema. "Hata awe amebakiwa na askari arobaini."

Siku moja dadu ilimponyoka wifi ikabingirika mpaka ukingoni. Akaidaka.

"Klabuni ikianguka tunarusha tena," alisema. "Hapa kwenu nasikia kuna sheria nyingine."

Fundi akanyoosha mkono kuichukua dadu. Sheria ilikuwepo, na kwa ajili yake aliiacha meza ile. *Dadu ikianguka sakafuni, anayesoma ni adui.* Adui huinama peke yake, anasoma, anasema. Mwingine yeyote haruhusiwi kuchungulia. Dadu haiguswi mpaka vita iishe, na neno lake halipingwi. Baba alitaka wanawe wajifunze kuaminiana, na kuwa watu wa kuaminika. Aliamini hilo linafundishika.

Siku aliyoiacha, Fundi alikuwa na miaka kumi, mdogo wake saba. Waligombea nani aende na baba kuchora bango la uwanja wa mpira, kazi ya kupanda jukwaa refu, kazi aliyoiota usiku na mchana. Alihitaji sita. Dadu ikaanguka chini. Mdogo wake akainama, na Fundi, kupitia ufa wa mbao za meza, bila kukusudia, akaziona nukta sita waziwazi kama macho yanayomtazama. Mdogo wake akainuka, akasema, "Mbili."

Alilia. Alisema ameona. Baba akamuuliza kwa upole nani aliyesoma, na alipojibu, baba akasema, "Basi. Aliyesoma ni yeye." Jumamosi ile mdogo wake alipanda jukwaani na Fundi akaosha vyombo. Hakucheza tena. Kila ugomvi uliofuata alishindwa kwa kutotokea, na akaosha vyombo vya ujana wake wote. Hakuwahi kumsamehe mdogo wake, ingawa alimpenda, na aliweza kuyabeba yote mawili kwa pamoja bila kuchoka.

Siku ya vita ilikuwa Jumapili, mchana. Mama alileta kiti chake akakiweka mlangoni. Hakujua sheria yoyote zaidi ya ile ya sakafuni, na kwake hiyo ilitosha. Wifi alikaa pembeni, mikono kwapani. Kamanda alifika na sanduku la baba, akawapanga askari wa baba mmojammoja, na katikati akamsimamisha mshika bendera, mwanamume mdogo wa plastiki aliyemeguka pua. Baba ndiye aliyempaka. Fundi alivaa viatu vya kazi vya marehemu, vizee, vyenye rangi za miaka thelathini. Alivivaa kila siku ya kazi na hakuona sababu ya kuvivua leo.

Kamanda aliyachunguza majitu. Alipofika kwa Kaidi akamshika kiunoni, akajaribu kumgeuza. Akatazama kidole chake chekundu.

"Limeganda hili."

"Limeganda," Fundi akakubali.

"Tunaweza kujifanya linageuka," wifi alisema. "Ni ajali ya rangi tu."

"Meza haidanganyi," Kamanda akajibu bila kuinua macho.

"Hata mimi sitaki huruma ya mtu," Fundi akasema. "Rusha tuone nani anaanza."

Alianza Kamanda, na mambo yakaanza vibaya kwa dada yake. Mizinga yake midogo ilipiga kutoka nyuma ya maboksi ya dawa, na jitu la kwanza likayumba, likayumba tena, likalazwa ubavu kabla halijafika hata katikati ya mji. Fundi alilitoa mezani kwa vidole viwili. Aliyasogeza yaliyobaki kwa tahadhari, akapiga, akaweka shanga, akapumzisha, akaondoa shanga, kama alivyofundishwa. Askari wa Kamanda walianguka kwa makundi, naye akawaokota bila kupepesa macho. Kwa nini apepese? Alikuwa nao wengine.

Jitu la pili lilikufa kwenye uchochoro. La tatu lilivunjwa mguu, likabaki limesimama pembeni mwa meza, haliwezi kutembea, na zamu moja zaidi ya mizinga ingelimaliza, lakini Kamanda hakuwa na haraka nalo. Akabaki Kaidi, katikati ya uwanja, amesimama mbele ya kifuniko kikubwa cha kopo, uso umekielekea kama ukuta, mgongo wazi kwa dunia yote.

Fundi aliuona mgongo ule kama Kamanda alivyouona. Aliwaona askari wakianza kujipenyeza kwenye vichochoro, wakizunguka, kama wifi alivyosema watazunguka. Angeweza kumnyanyua Kaidi na kumgeuza, akapoteza zamu, na mizinga ingemkuta hivyohivyo. Ndipo alipokumbuka maneno ya dukani, kwamba hakuna anayefika saba kwa kupenda.

"Kaidi anapiga," alisema.

"Anapiga nini?" Kamanda akauliza. "Mbele yake kuna kifuniko."

"Anapiga kifuniko."

Kamanda akacheka kwa sauti. "Haya. Piga kifuniko."

Fundi akaweka shanga mbili miguuni pa Kaidi, upande wa kifuniko. Zamu iliyofuata akapiga kifuniko tena. Shanga nne. Kamanda hakuzitazama, macho yake yalikuwa mgongoni mwa lile jitu, na askari wake walikuwa wamebakiza nyumba mbili. Wifi alizitazama. Fundi alimwona anahesabu kwa midomo, anasita, kisha anageuza uso kuelekea dirishani kwa ghafla, akashika kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya wakati hakikuwa kimefunguka.

"Kaidi anapiga."

"Dada, kifuniko hicho kilikukosea nini?"

Shanga sita. Kamanda angehesabu sasa, angeirudisha bendera nyuma, na kesho asubuhi mtu wa magari angekuja na nyundo. Akajilazimisha kumtazama Mama. Mama alikuwa anafuta miwani.

Kamanda hakuhesabu. Aliwaleta askari wake mpaka nyayoni mwa Kaidi, akapima kwa futi, akaona hofu itawarudisha, na kwa mkono wake mwenyewe akamchukua mshika bendera aliyemeguka pua akamweka nyuma ya jitu, karibu kuliko shibiri. Akarusha dadu za baruti. Kaidi akapigwa, akayumba. Akasimama. Alikuwa amebakiwa na pumzi ya pigo moja.

"Zamu yako," Kamanda alisema. "Ya mwisho, nadhani."

"Kaidi anapiga," Fundi akasema, na sauti yake ikatoka ndogo. Akaongeza shanga mbili.

Kamanda akainama kuangalia. Akahesabu sasa, kwa kidole. Alipofika mwisho, kidole kilibaki hewani.

"Umefika saba."

"Nimepita."

"Ulikuwa unafanya makusudi tangu…"

"Tano au sita," Fundi akamkatiza. "Si ndiyo?"

"Tano au sita," alijibu wifi.

Fundi aliichukua dadu. Akairusha, na akairusha kwa nguvu kuliko alivyotaka. Dadu ikagonga boksi la dawa, ikaruka, ikapita juu ya ukingo wa meza. Wakaisikia ikigonga sakafu mara moja tu.

Mama akavaa miwani yake.

"Anayesoma ni adui," Mama alisema.

Kamanda akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Fundi aliona mgongo wake tu na soli za viatu vyake. Ufa ule wa zamani ulikuwa palepale kwenye mbao, sentimita chache kutoka mkononi mwake, na safari hii aliinua uso akatazama dari ili asichungulie. Alijua jibu. Angeinuka, angesema mbili, au moja, au tatu, na neno lake lisingepingwa. Karakana imekwenda. Alijihisi mjinga, mwanamke mzima aliyerudi kusimama mahali alipodhulumiwa akiwa mtoto, kwa miguu yake mwenyewe, akingoja adhulumiwe tena.

Kamanda alikawia kule chini. Alikawia kuliko inavyohitaji mtu kuhesabu nukta. Viatu vya baba vilikuwa mbele ya uso wake, na ndani yake miguu ya dada yake haikutulia.

Akatoka, akajifuta magoti, akamtazama Fundi.

"Sita," alisema.

Kamanda mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono akamwangusha mshika bendera. Kisha akampa dada yake mkono, akaenda mlangoni, akamwambia Mama, "Ameshinda. Nitampigia yule mtu nimwambie hakuna biashara." Mama akaitikia kwa kichwa na kumkumbusha kwamba vyombo vya mchana viko bombani.

Fundi alibaki peke yake na mji wa maboksi. Alitegemea kufurahi, na furaha ilikuja, lakini ilikuja pamoja na aibu. Alikuwa amemhukumu kabla hajainuka. Akaanza kukusanya shanga, akawarudisha askari sandukuni, na mwisho, vita ikiwa imekwisha na sheria ikimruhusu, akapiga magoti kuiokota dadu.

Ilikuwa imetua juu ya lile tone la rangi ya mafuta. Alipoivuta haikutoka. Akaivuta tena, ikabanduka kwa shida, chini yake nyekundu tupu, na shimo la mraba likabaki kwenye rangi. Haikuwa imebingirika wala kuguswa na mtu tangu ilipoanguka. Upande uliokuwa juu ulikuwa na nukta mbili.

Kisha akatoka nyuma, dadu mkononi.

Kamanda alikuwa bombani, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka kwenye viwiko. Aliosha sufuria vibaya, kama mtu asiye na mazoea.

"Ilikuwa mbili," Fundi alisema.

"Najua. Niliiona."

"Sasa kwa nini?"

Aliisuuza sahani, akaiweka juani. "Ningesema mbili, ungeniamini?"

Fundi akafungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amesimama na dadu yenyewe mkononi, na bado neno halikutoka.

"Unaona," Kamanda alisema. "Ungesema nimeigeuza. Na ungekuwa na haki, kwa sababu ile ya bango la uwanja ilikuwa sita. Nilitaka kupanda jukwaani. Nilipofika juu nikaogopa, nikalia, baba akanishusha. Sijawahi kukwambia." Akasugua sufuria pasipohitaji kusuguliwa. "Nikasema karakana naweza kuipata kwa njia mbili tu, kukudanganya au kukwambia ukweli, na kwako zote ni sawasawa."

Fundi alimwonyesha dadu, ule upande mwekundu. "Ilinata kwenye rangi yangu. Isingeweza kugeuzwa. Ningeiona tu, ningejua umesema kweli."

Kamanda aliitazama. Akaelewa, na akacheka kicheko kifupi kisicho na sauti.

"Kumbe ningeshinda."

"Ungeshinda. Tunaweza kurudia, yule mtu hujampigia simu bado."

"Hairudiwi," alisema mdogo wake, akanyoosha mkono uliojaa povu. "Aliyesoma ni mimi, dada. Nisogezee hiyo sufuria."